Niletee ramani ya mtaa wako

Mzazi akiniletea mtoto mwenye usonji (autism) kwa mara ya kwanza, simwanzishii na maswali ya ujauzito na uchungu ulichukua saa ngapi. Hayo yamo kwenye faili, na kashaulizwa mpaka yamemchosha. Nampa karatasi na kalamu, namwambia, "Mama, nichoree njia anayopita mtoto akikuponyoka."

Wengi hucheka kwanza. Kisha wanachora: geti, nyumba ya jirani mwenye mbuzi, duka la Mangi, genge la mboga, kijiwe cha bodaboda, kioski cha maji, korongo. Mama mmoja wa Nkuhungu aliendelea kuchora mpaka akafika relini. Hapo akaiweka kalamu chini, akanitazama.

Mimi ni mtaalamu wa tiba kwa vitendo hapa Dodoma. Watu wakisikia hivyo hudhani nachua misuli; hapana, huyo ni mwenzangu wa fiziotherapia, tunachangia korido tu. Kazi yangu ni mambo ya kila siku: mtoto ale, avae, aoge, acheze, aende msalani, akae darasani. Na jambo la kila siku linalowakosesha usingizi wazazi wengi wa watoto hawa ni hilo la kuponyoka.

Si utundu. Kuna kitu kimemvuta, maji hasa, au anakimbia sauti ambayo masikio yake hayaistahimili, mathalani mashine ya kusaga. Mtoto mwingine akipotea hulia, watu wakakusanyika. Huyu anaweza asilie, asiitike jina lake, asiseme kwao ni wapi. Na hapa Dodoma tunajisahau, maana korongo ni mchanga mtupu tangu Mei mpaka Novemba na watoto wanacheza humo humo. Mvua ikishuka kule vilimani, hata kama kwako jua linawaka, korongo lile ni mto ndani ya dakika chache.

Sasa itazame karatasi ile tena. Karibu kila kitu alichochora mama kina mtu pembeni yake. Mangi anashinda dukani kutwa. Muuza mboga yupo gengeni tangu asubuhi. Vijana wa bodaboda hawaondoki kijiweni bila abiria. Mwenye kioski cha maji yupo pale ambapo mtoto anapenda kwenda kuliko pote. Hao ndio msaada wa kwanza wa familia, na hawadai rufaa wala bima.

Kwa hiyo ninampa mzazi kazi ya nyumbani: aitembee njia hiyo na mwanawe, bila haraka, amtambulishe kwa kila mmoja. Asitoe hotuba. Kijana wa kijiweni anaambiwa hivi: "Kaka, huyu ni mwanangu. Ukimwita hatageuka, si kiburi. Ukimwona peke yake usimkimbize wala usimpigie kelele. Simama mbele yake, mwoneshe ufunguo wa pikipiki, halafu nipigie." Ufunguo, kwa sababu yule mtoto anapenda vinavyong'aa, wako atakuwa na chake. Namba ya simu ishonewe ndani ya ukosi wa shati, si kwenye karatasi mfukoni, maana karatasi italiwa.

"Dada, yaani nikamtangaze mwanangu mtaa mzima?" Swali hili naulizwa kila wiki. Jibu langu ni kwamba mtaa ulishajua kuna kitu. Umekosa maelezo tu, na watu wakikosa maelezo hujaza yao wenyewe: amechezewa, mama alivunja mwiko, kalelewa na simu, kadekezwa na bibi yake. Ukiwaambia, "Ana usonji, ubongo wake ulijengeka tofauti tangu tumboni, haambukizi, anajifunza polepole," angalau wana neno jingine la kutumia.

Maneno hayo machache yana ukweli wote wa msingi. Usonji ni tofauti ya ukuaji wa ubongo inayogusa namna mtoto anavyowasiliana na kuhusiana na watu, pamoja na tabia za kurudiarudia na hisia kali kwa sauti, mwanga, mguso au ladha. Urithi wa vinasaba una sehemu kubwa. Hakuna kipimo cha damu cha kuuonyesha, hutambuliwa kwa kumwangalia mtoto na kumsikiliza anayemlea. Na hapana, chanjo haileti usonji. Utafiti wa mwaka 1998 uliozua hofu hiyo ulihusu watoto 12 tu, na jarida lililouchapisha liliufuta mwaka 2010. Naelewa kwa nini hofu haiishi: chanjo ya pili ya surua na rubela hapa kwetu ni miezi 18, na huo ndio umri ambao mzazi anaanza kuona kwamba mtoto hanyoshei kidole anachokitaka, au ameacha vijineno alivyokuwa navyo. Vitu viwili vimekutana kwenye kadi moja ya kliniki, basi kimoja kinalaumiwa kwa kingine.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 alikuwa na usonji. Mkoa wa Dodoma una watu zaidi ya milioni 3. Chukua makadirio hayo yalivyo, piga hesabu, utapata zaidi ya watu 23,000, watoto kwa wakubwa. Mimi naona familia chache kwa wiki. Wengine wako wapi? Wako ndani, mlango umeegeshwa, mama hajaenda kwenye harusi ya mtu tangu mtoto afikishe miaka mitatu.

Sitaki mtu aelewe kwamba hospitali haina kazi. Ina kazi, ila iende kwa mpangilio. Anza na masikio. Mtoto asiyeitika jina apimwe usikivu kwanza, kwa sababu nimeshaona aliyeitwa wa usonji kumbe hasikii, na nimeona kinyume chake. Sema pia kama aliwahi kupata degedege au anapotea macho kwa sekunde kadhaa halafu anarudi, maana kifafa huandamana na usonji mara nyingi zaidi kuliko kwa watoto wengine, na kifafa kina dawa. Usonji wenyewe hauna dawa ya kuuondoa. Anayekuuzia matone, au mbaya zaidi maji yenye klorini eti yanasafisha ubongo, anauza sumu. Nalisema hivi kwa ukali kwa sababu nimeshaiona chupa yenyewe, na picha zake huzunguka kwenye makundi ya simu kila baada ya miezi michache.

Utakapoambiwa upite kliniki ya afya ya akili ya watoto, usiruke. Wenyeji mnajua ninaposemea: hapa mjini ipo Mirembe, hospitali ya taifa ya afya ya akili, na jina hilo nchi nzima hulitumia kutaniana. Baba mmoja aliniambia yuko radhi kumsafirisha mwanawe Dar es Salaam kuliko kuonekana anashuka bajaji kwenye geti lile. Nilimwelewa, lakini nauli ya kwenda na kurudi kwa watu watatu, mara nne kwa mwaka, ingemlipia mengine mengi.

Kuhusu gharama: sera inamtaka mtoto wa chini ya miaka mitano atibiwe bila malipo kwenye vituo vya serikali. Akizidi hapo na uwezo haupo, pita kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla hujafika dirisha la malipo, si baada. Afisa ustawi wa kata naye ana umuhimu wake, na watu humsahau. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka kuwe na kamati kuanzia kijiji na mtaa mpaka mkoa. Kamati ya mtaa wako inaweza kuwa imelala. Mtoto aliyeandikwa kwenye daftari la mtaa hata hivyo ni mtoto anayekumbukwa fungu likija. Asiyeandikwa hayupo.

Shule ina hadithi ndefu, nitaiandikia siku yake. Kwa kifupi, nenda kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri ukaulize shule ya msingi yenye kitengo cha elimu maalumu iliyo karibu, na umpeleke mtoto akapimwe kielimu kabla Januari haijafika. Wengi huwekwa kitengo cha ulemavu wa akili, hata wale ambao akili yao haina tatizo, kwa sababu ndicho kilichopo. Mwalimu wa kitengo akikuuliza mtoto anapenda nini, umepata mwalimu.

Nirudi mtaani, maana huko ndiko nilikojifunza zaidi.

Kuna bibi alikuja na mjukuu wa miaka minne kutoka upande wa Mvumi. Mtoto hasemi, hatazami mtu, chakula ni ugali wa uwele na mlenda, ukibadilisha anatapika. Nikawaza: huyu nitaanza naye wapi? Bibi akaniambia, "Mwanangu, huyu tunaongea naye kwenye ungo." Nikamwomba anioneshe safari ijayo. Akaja na ungo wake na uwele kidogo kwenye kitambaa. Akaketi chini, akapepeta. Mtoto, ambaye nilishindwa kumpata hata kwa puto, akamsogelea, akatia vidole kwenye nafaka. Bibi akasimamisha ungo. Akangoja. Mtoto akainua macho, akamtazama usoni kama sekunde mbili. Bibi akapepeta tena. Wakaendelea hivyo, kungoja na kutazamana, mara kumi na kitu.

Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 wenye kuchelewa kukua, usonji ukiwemo: vikao tisa vya kikundi na ziara tatu za nyumbani. Ukiyasoma, kiini chake ni hicho alichokuwa akikifanya bibi kwenye ungo. Fuata anachokipenda mtoto, ingia humo, simama, mpe nafasi aombe kwa namna yake, mjibu. Mafunzo hayo yalitungwa makusudi yaweze kuongozwa na watu wasio mabingwa, kwa sababu dunia nzima mabingwa hawatoshi. Mimi nimemwomba bibi awafundishe wenzake. Kanikatalia mara mbili, anasema aibu.

Sasa vikundi. Cha kwanza nilikianzisha mimi, na nilikiua mimi. Nilikiweka hospitalini, Jumatano saa tatu asubuhi, na chati ukutani. Wiki ya kwanza walikuja 14, ya tano walikuja wawili, nao walikuwa na miadi yao mingine. Nauli ya bajaji na mtoto asiyevumilia daladala nilikuwa sijaihesabu. Tena nilianza Desemba! Mvua za kwanza zimeshadondoka, watu wako shambani, mimi nimekaa na chati.

Kilichopo sasa kilianzishwa na akina mama wenyewe, Jumamosi jioni uani kwa mmoja wao, na hakina jina. Walianza kama mchezo wa kawaida wa kupeana hela. Haukudumu, kwani mwenye mtoto asiyelala hafanyi biashara ya maana, na asiye na biashara hana cha kutoa. Ndipo mmoja akasema, "Tupeane saa, hela hatuna." Ni upatu ule ule mnaoujua, ila kinachozunguka ni muda. Nikikukalia na mwanao saa tatu, unanidai saa tatu. Daftari lipo, katibu yupo, na ugomvi wa madeni upo kama kwenye mchezo wowote. Kabla ya kuachiana watoto kila mmoja anaeleza ya wake: huyu usimguse kichwani, huyu mpe kikombe cha bluu, huyu akiziba masikio zima redio.

Waliozitumia saa zao mara ya kwanza nilidhani wangekwenda kusuka, au sokoni. Wawili walikwenda nyumbani wakalala. Mmoja alikwenda Sabasaba kununua viatu vyake mwenyewe na akarudi bila kununua, anasema alitembea tu, mikono haikushika mtu. Mwingine alifika kwenye ofisi ya kata kuulizia ile mikopo ya halmashauri ya asilimia 10, ambayo 4 ni ya wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu, kitu ambacho kwa miaka yote hakuwa amepata asubuhi moja ya kukifuatilia.

Akina baba bado ni wachache. Anayekuja kila wiki ni mmoja, fundi wa kuchomelea, na amewatengenezea wote komeo za juu za mageti kwa bei ya vyuma tu. Sijui kama amewahi kuzungumza kikaoni zaidi ya salamu.

Na mimi wameniingiza. Katibu alisema mtaalamu anayefundisha kukaa na watoto bila yeye kukaa nao ni mwalimu wa kuogelea anayeogopa maji, na hakuna aliyenitetea. Mwezi uliopita walinikalia na mwanangu nilipokuwa na msiba, kwa hiyo daftarini nadaiwa saa sita. Jumamosi hii nalipa tatu. Naletewa wawili, na wote ni wapenzi wa maji. Bomba la uani nimeshalifunga, ndoo nimeziinamisha, na Mangi wa pale mbele nimemwambia.