Je, wajua kwa nini likizo haitoshi kumponya aliyechoshwa na kazi?

Wengi huamini kwamba mtu huchoshwa na kazi kwa sababu ya wingi wa kazi tu: apumzike, alale, atarudi mzima. Imani hii inaumiza watu, maana asiyepata nafuu baada ya likizo huanza kujiona mvivu. Uchovu ni dalili moja kati ya tatu za hali hii, iitwayo "burnout" kwa Kiingereza. Shirika la Afya Duniani, katika ICD-11, mwongozo wake wa kuainisha magonjwa ulioanza kutumika mwaka 2022, linataja kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi au kuiona haina maana, na kujiona huna ufanisi. Tena linaiita hali ya kazini, si ugonjwa.

Mwanasaikolojia Herbert Freudenberger alipoieleza hali hii mwaka 1974, aliwatazama watu waliojitolea katika kliniki ya bure jijini New York. Mwaka 1981 wanasaikolojia Christina Maslach na Susan Jackson wakachapisha dodoso la maswali 22 la kuipima. Anayejibu husema jambo humtokea mara ngapi, kuanzia kamwe hadi kila siku, na kila dalili hupewa alama zake peke yake.

Dalili ya pili, kujitenga na kazi, ndiyo wengi hawaitambui. Ni kama mtu aliyeshika sufuria ya moto bila kitambaa: huilegeza, akabaki ameishika kwa ncha za vidole. Hajaacha kuijali, anajikinga asiungue. Ila sufuria ikishikwa hivyo, mchuzi humwagika, naye huanza kujiona hawezi kazi. Likizo huponya vidole. Akirudi, sufuria bado ni ya moto. Ndivyo muuguzi aliyekuwa akimjua kila mgonjwa kwa jina huanza kusema "yule wa kitanda cha saba". Si wote hupitia hatua hizo kwa mfuatano huo.

Moto huo una vyanzo vingi. Maslach na mwanasaikolojia mwenzake Michael Leiter walitaja sita: mzigo wa kazi, uhuru wa kuamua, malipo na kuthaminiwa, uhusiano na wenzako, haki, na maadili unayoyaamini. Likizo hupunguza mzigo kwa muda tu. Bosi anayependelea utamkuta palepale.

Kama hata nyumbani, sokoni na kwa marafiki hakuna kinachokufurahisha, muone daktari, kwani ugonjwa wa sonona (depression) hufanana sana na hali hii. Na dodoso lile lilitengenezwa kwa ajili ya utafiti. Hakuna alama inayomtenga aliyechoshwa na kazi na asiyechoshwa, kwa hiyo ofisi isilitumie kumpa mfanyakazi lebo.