Kwa nini simu ya usiku inafanya kazi kama Venom?

Panda kifodi kinachoingia Kilombero, Arusha, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Hukosi kijana aliyelala mdomo wazi, kituo chake kimepita kitambo, simu ingali mkononi. Muulize alilala saa ngapi, atakwambia saa nne. Saa nne ndiyo aliyopanda kitandani. Bando la usiku likamweka macho mpaka saa nane.

Wasomaji wa katuni za Marvel wanamjua adui wa aina hii. Mwaka 1984 Spider-Man alipata vazi jeusi huko sayari ya mbali. Raha tupu: linageuka nguo yoyote, linatoa utando lenyewe. Lakini kila asubuhi Peter Parker, yaani Spider-Man mwenyewe, anaamka hoi. Kumbe vazi ni kiumbe hai, na akishasinzia linamvaa na kutoka naye kuzurura mjini. Kiumbe hicho ndicho kilichokuja kuwa Venom, 1988.

Joker, adui wa Batman, utamwogopa mapema. Venom anakuja kukusaidia. Simu nayo iliingia chumbani kama alamu na tochi. Kinachoing'ang'aniza ni kutojua: video ijayo itachekesha au itakuwa ya hovyo? Mwanasaikolojia B.F. Skinner aliona kwamba njiwa wanaopewa chakula bila utaratibu hudonoa kitufe kwa muda mrefu hata chakula kikikatwa. Na video zenyewe haziishi, kwa hiyo hupati pa kukomea. Mwanga wa kioo hupunguza melatonini, homoni inayouambia mwili kwamba ni usiku, ila mimi naona mwanga unasingiziwa mno. Wapo wanaoufifisha kabisa na saa nane inawakuta macho vilevile.

Peter hakulivua vazi kwa kukaza moyo. Linaogopa moto na kelele, ikabidi apande mnara wa kanisa, kengele zikalitikisa hadi likabanduka. Kwa simu, dawa ni umbali: ichajiwe sebuleni, alamu iwe saa ya mezani. Kwa baridi ya Arusha ya Julai, nani atatoka kwenye blanketi kuifuata?

Tatizo ni kwamba kengele hazikukiua kile kiumbe. Kilimpata Eddie Brock, mwandishi wa habari aliyemchukia Spider-Man, wakaungana. Ndiyo maana mtu anaweza kuiacha simu sebuleni leo, kesho ukamkuta hukohuko sebuleni saa saba usiku, anatazama marudio ya mechi ambayo matokeo yake anayajua.