Mzee akisema "nina mawazo", kadi yake inalipia nini?

Miaka yote niliyofanya uuguzi wa afya ya akili wilayani, sijamsikia mzee wa kijijini akisema ana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Neno hilo ni letu, la semina. Wao husema, "Mwanangu, nina mawazo." Au kichwa kinawaka moto, mwili hauna nguvu, usingizi unakatika saa nane za usiku. Mhudumu aliyezidiwa na foleni anapima malaria, anapima presha, anaandika dawa ya maumivu, basi.

Nianze na bima, maana ndiyo ninayoulizwa sana. Hapa Tanzania, Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ilitaka mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo atibiwe bure. Kisha ikaja CHF (Mfuko wa Afya ya Jamii) iliyoboreshwa: ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi 6, na kadi yake ikawa inafika mpaka hospitali ya rufaa ya mkoa.

Je, kadi inatuliza akili? Nimeona ikituliza hata kabla kidonge hakijamezwa. Bibi mmoja anayelea wajukuu alikuwa haji kliniki ila kwa nadra, kwa kuwa kila akiugua ilibidi ampigie mwanawe aliye mjini. "Naona haya," aliniambia, "naye ana watoto wake." Alipokatiwa kadi, akaanza kumpigia kumjulia hali tu. Kumbe kilichokuwa kikimla ni hofu ya kuwa mzigo.

Ila sonona haitibiwi kwa safari moja. Dawa huchukua wiki 2 hadi 4 kuanza kuonyesha nafuu, na nafuu ikipatikana mgonjwa huendelea nayo miezi 6 au zaidi. Hapo kadi huchoka. Nauli ya bodaboda hailipii, na dawa ikiisha dirishani mzee huambiwa akanunue famasi kwa fedha yake. Wengine huacha wiki ya tatu, wameambulia kukauka kinywa tu. (Amitriptilini, dawa ya zamani ya sonona, siipendi kwa wazee hata kidogo: mtu akiinuka anapata kizunguzungu, akianguka nyonga ikavunjika umemwongezea janga.) Kwa hiyo wewe uliye mjini, ukimkatia mzazi bima, tenga na nauli ya kila mwezi.

Kuna dodoso la maswali 9 kuhusu hali ya mgonjwa katika wiki 2 zilizopita, nalo nalitumia. Lakini kwa wazee huanza na langu: "Ni kitu gani ulikuwa ukikifanya, sasa umekiacha?" Yule bibi alifikiri kidogo, akasema kuku. Alikuwa na kuku wengi, akaacha kufuga mumewe alipofariki, mwaka wa pili huo. Nikafungua daftari lake la kliniki. Mara tatu ameandikiwa vidonda vya tumbo.