"Si nimeshabadilisha pasiwedi?" Hapana, hayajaisha

Wiki hii nimeisikia mara tatu ndani ya siku mbili. Mtu anapiga simu, tovuti aliyojiandikisha zamani imetangaza kwamba data za wateja zimevuja, namuuliza umefanya nini mpaka sasa, ananijibu kwa sauti ya mtu aliyemaliza kazi: si nimeshabadilisha pasiwedi pale, basi yameisha. Jamani, hayajaisha. Dhana hii inaniumiza kuliko zote kwa sababu anayeiamini siyo mzembe, ni mtu aliyejitahidi, amechukua hatua, halafu analala usingizi. Amebadilisha kitasa cha nyumba ambayo mwizi ameshatoka, na funguo alizoondoka nazo zinafungua nyumba nyingine saba.

Maana mdukuzi aliyeipata ile orodha hana tena haja na ile tovuti. Anachukua imeili yako na pasiwedi yako kama zilivyo, anazitia kwenye programu inayojaribu jozi hiyo hiyo kwenye tovuti nyingine chungu nzima, imeili, mitandao ya kijamii, maduka ya mtandaoni, kule unakohifadhi mafaili na picha. Hakuna mtu anayekaa kubonyeza, ni mashine, haichoki. 23andMe, ile kampuni ya Marekani ya vipimo vya vinasaba, mwaka 2023 iliingiliwa hivi hivi: pasiwedi zilizovuja kwingine zikajaribiwa kwake, zikafungua akaunti kama 14,000, na kwa kuwa kulikuwa na kipengele cha kuunganisha watu na ndugu zao, taarifa za watu karibu milioni 6.9 zikaonekana. Yaani wengi walioumia pasiwedi zao hazikuguswa kabisa, iliyotumika ni ya mtu mwingine aliyerudia pasiwedi moja kila mahali.

Hapo ndipo naambiwa, "Lakini mimi zangu ni tofauti." Mteja mmoja aliniambia hivyo na aliamini kweli, nikamwomba aziandike tano kwenye karatasi, asinionyeshe, azitazame mwenyewe. Akanyamaza. Akaniambia ni jina la mtoto na mwaka, kwingine jina lile lile limeanza na herufi kubwa, kwingine mwaka umesogea mmoja mbele na mwishoni ana alama ya mshangao. Hiyo ni pasiwedi moja iliyobadilishiwa nguo, na zile programu zinajaribu hayo mabadiliko yote, mwaka mbele, mwaka nyuma, alama mwishoni, ndiyo kazi zilizoandikiwa.

Sasa fanya hivi na usiruke mpangilio. Imeili kwanza, kabla ya benki, kabla ya kitu chochote, kwa sababu kila "umesahau pasiwedi?" inatuma linki huko, anayeshika inboksi yako ameshika vyote. Weka pasiwedi mpya ambayo haina undugu na ya zamani, halafu nenda kwenye mipangilio uangalie orodha ya vifaa vilivyoingia na uvitoe vyote, kwani kubadilisha pasiwedi hakumtoi kila mara mtu ambaye tayari yuko ndani. Angalia namba ya simu na imeili ya kurudishia akaunti, ni zako kweli? Halafu angalia vichujio na sehemu ya kufowadi. Hapa nasisitiza kwa sababu hakuna anayeangalia. Niliwahi kukuta kwenye inboksi ya mtu kichujio kimoja kidogo tu, kila barua yenye neno "malipo" inatumwa kwenye anwani asiyoijua kisha inajifuta, na mwenyewe alikuwa ameshabadilisha pasiwedi mara mbili akishangaa mbona ankara zake hazifiki.

Ukimaliza imeili ndiyo unaenda kila mahali ulipotumia ile pasiwedi au ndugu zake, unaanza na penye hela. Tumia programu ya kutunza pasiwedi, ikutungie yenyewe ndefu ndefu usizoweza kuzikumbuka. Na kama hiyo programu inakushinda, andika kwenye daftari uliweke nyumbani, najua wenzangu wengi hawapendi kusikia hivi lakini mdukuzi aliye upande wa pili wa dunia hafungui daftari lako. Washa uthibitisho wa hatua mbili, ule wa kuombwa namba ya muda baada ya pasiwedi, bora wa programu ya simu kuliko wa meseji, ila wa meseji ni bora mara mia kuliko kukaa bila.

Mengine niyapitie haraka. "Walisema pasiwedi zilikuwa zimefichwa." Zimefichwa vipi? LinkedIn walipovujiwa mwaka 2012 pasiwedi zilikuwa kwenye hashi (yaani zimegeuzwa kuwa mfuatano wa herufi usiosomeka) ya aina ya SHA-1, bila chumvi, zile herufi za nasibu zinazoongezwa kwa kila pasiwedi kabla ya kugeuzwa, na hiyo inapasuliwa kwa kompyuta ya kawaida tu. Wakati ule zilionekana kama milioni 6.5, mwaka 2016 zikaibuka sokoni zaidi ya milioni 100, pamoja na imeili zake. Kama kampuni haisemi imetumia njia gani, ihesabu pasiwedi yako kuwa imeshasomwa.

"Ah, hiyo ilivuja zamani." Yahoo waliibiwa 2013, wakatangaza mwishoni mwa 2016 kwamba ni akaunti bilioni 1, mwaka 2017 wakarekebisha, ni zote bilioni 3. Kwa hiyo siku unayopewa taarifa siyo siku iliyovuja, inawezekana miaka imepita watu wanazitumia. Na tarehe yako ya kuzaliwa haichachi.

Kufuta akaunti baada ya kuvuja hakurudishi kilichotoka, nakala iko nje. Futa hata hivyo zile usizozitumia, ili siku tovuti nyingine ikivuja usiwemo. Na anayekwambia umlipe akusafishie data zako huko kwa wadukuzi anakula hela yako, hakuna awezaye.

Kuna tovuti ya Have I Been Pwned ya Troy Hunt, mtaalamu wa usalama wa mtandao, ipo tangu 2013, unaweka imeili inakwambia umeonekana kwenye uvujaji upi. Itumie, ila isipokuonyesha kitu usiseme uko salama, inajua tu zile data zilizoifikia. Wanaoogopa ile sehemu ya kupima pasiwedi wajue kwamba pasiwedi yenyewe haitumwi, zinatumwa herufi 5 za mwanzo za hashi yake basi.

La mwisho ni hili la "alijua jina langu kamili, namba yangu na nilichonunua, kwa hiyo ni kampuni kweli." Hayo ndiyo yaliyovuja! Kujua habari zako siyo kitambulisho tena. Baada ya uvujaji mkubwa huwa zinakuja simu na barua za pole, tunakulinda, bonyeza hapa, tusomee namba ya uthibitisho tuliyokutumia. Ile namba ndiyo kitu pekee ambacho hawana, ndiyo maana wamepiga. Kata simu, andika anwani ya tovuti mwenyewe au piga namba iliyo nyuma ya kadi yako. Na kama ulishamsomea namba, usikae ukijilaumu, piga benki sasa hivi wafunge, halafu rudi kwenye imeili uanze na orodha ya vifaa.