Sola kwa paa, laini ya mtaa: yale watu wanaamini na vile mambo yako

Mimi kazi yangu ni nguzo, nyaya na mita, huku upande wa Tororo na Busia, Uganda, na tangu bei ya paneli ishuke naona sola kwa mapaa kila mahali, jambo ambalo mimi binafsi nalipenda sana. Lakini maneno ninayosikia nikishuka nguzo, ndugu zangu, mengine yanaweza kuua mtu, kwa hiyo leo wacha niyaseme.

La kwanza ndilo linaninyima usingizi: "Sola ni yangu, paa ni langu, watu wa umeme haiwahusu." Kama ni ya taa na kuchaji simu, imejitenga kabisa na nyaya za nyumba, sawa, hiyo ni wewe na betri yako. Ila ukishaiunganisha na nyaya zilezile zinazotoka kwa mita basi umeingia kwa laini ya mtaa mzima, manake waya haujui nani anauza na nani ananunua, umeme unapita popote pana njia. Na ile transfoma unaiona pale juu inafanya kazi pande zote mbili. Inashusha volti 11,000 hadi 415, ndiyo unapata 240 nyumbani, lakini ukiilisha kutoka chini inapandisha vilevile. Inveta yako ya 240, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli au betri uwe kama wa laini, inaweza kuamsha waya wa 11,000 ambao fundi ameukata huko mbele na yeye anajua umelala.

Kuna siku tulienda kuunga waya wa chini uliokatwa na tawi la mwembe baada ya mvua. Tukatoa fyuzi za transfoma, mwenzangu akapanda ngazi, kabla ya kushika akagusisha tester kwa waya kwa mazoea tu, na ile taa ikawaka. Fyuzi ziko mkononi mwangu! Akashuka polepole, hatukusema kitu. Tukafuata waya nyumba kwa nyumba hadi kwa kijana mmoja aliyekuwa amechomeka inveta kwa soketi ya ukutani, waya wenye plagi ya dume pande zote mbili, ati nyumba nzima ipate umeme kwa mara moja. Si mtu mbaya, aliyemuuzia ndiye alimwonyesha hivyo. Akatuambia huwa anazima mein swichi kwanza, ila siku hiyo alisahau. Ndiyo maana tunataka chenjiova, ile swichi inakubali upande mmoja tu, ama sola ama laini, zote mbili haiwezi hata ukilazimisha, haitegemei kama umekumbuka.

Wengine wanabisha wanasema inveta ndogo haiwezi kubeba mtaa mzima, itajizima yenyewe kwa mzigo. Mara nyingi ni kweli. Lakini siku ile tawi lilikata waya nguzo mbili tu kutoka kwa huyo kijana, kipande kilichobaki kilikuwa na nyumba tatu na mbili wenyewe walikuwa shamba, sasa mzigo wa kuizima ungetoka wapi?

Halafu kuna hii: "Nikifunga sola, mambo ya giza kwisha." Inategemea umefunga gani. Inveta ya kuungana na laini, ile haina betri, laini ikizima nayo inajizima papo hapo hata kama ni saa saba mchana na jua linachoma kichwa. Watu wanatupigia simu wakilia wameuziwa feki. Si feki, imetengenezwa hivyo makusudi ili isimlishe mtu aliye juu ya nguzo. Ukitaka taa wakati wa giza nunua haibridi yenye betri, hiyo inajitoa kwanza kwa laini halafu inakulisha wewe peke yako.

Sasa ya mita. Watu wameona video za nje huko wanaamini Yaka, ile mita yetu ya tokeni, itarudi nyuma, mchana unauza, usiku unatumia bure. Mama mmoja wa Malaba mwenye duka la soda baridi alikuja akilalamika kwamba tangu afunge sola tokeni zinaisha haraka kuliko zamani, na fundi wake anamwambia mita imeharibika. Nikaenda mwenyewe, saa saba mchana, Jumapili. Nikamwambia, mama, zima friji zote. Akazima, na taa, na redio. Duka kimya kabisa, na ile taa nyekundu ndogo ya mita bado inapepesa, tena haraka. Yaani paneli zilikuwa zinasukuma nje, na kuna mita za tokeni ambazo zinahesabu kila yuniti inayopita, iwe inaingia iwe inatoka, zinakukata tu. Alikuwa anatoa umeme wake kwa majirani halafu analipia! Dawa yake ilikuwa ndani ya boksi la inveta, haijafunguliwa hata nailoni: kile kidude cha kushika waya mkubwa kinachoiambia inveta nyumba inahitaji kiasi gani, isizidishe. Tukakifunga, tukaiseti isitoe nje, ile taa ikatulia. Kuuza kwa laini kunahitaji mita inayohesabu pande mbili kando kando na makubaliano yaliyoandikwa, bila hivyo yuniti zako zinapotea tu.

"Kampuni ya umeme inachukia sola kwa sababu inakula pesa yao." Hapa nitasema ukweli wote hata kama unaniuma. (Huku kwetu neno umeme lenyewe lilikuwa jina la kampuni kwa miaka 20, kuanzia 2005, na ingawa UEDCL, kampuni ya serikali, walishika usambazaji 2025, watu bado wanasema Umeme wamekata.) Ndiyo, mteja mkubwa akitumia jua lake mchana, mauzo yanapungua. Lakini nguzo haipungui, transfoma haipungui, gari la dharura usiku halipungui, na gharama hizo zimo ndani ya bei ya yuniti. Wenye uwezo wakipunguza kununua, mzigo unabaki kwa nani? Kwa yule anayenunua tokeni ya elfu mbili, na huyo ndiye tunayejaribu kumlinda kwa zile yuniti 15 za kwanza za bei nafuu. Hilo ni swali la haki kuhusu bei, na bei anapanga ERA, mdhibiti wa umeme wa serikali, si kinyongo cha mtu na paneli.

Tena Uganda ya leo shida yetu si mitambo ya kuzalisha umeme. Bwawa la Karuma peke yake ni megawati 600, Bujagali 250, ukijumlisha zote tumepita 2,000, na kuna mitambo ambayo kwa mkataba inalipwa hata yuniti zake zisipotumika. Shida iko kwa nyaya, na iko jioni. Kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa sita usiku ndiyo mzigo unapanda, watu wamerudi, pasi, tivii, majiko, na saa hiyo jua limezama. Kwa hiyo sola isiyo na betri haitupunguzii mzigo wa transfoma hata kidogo saa ile inaungua. Yenye betri inasaidia kweli, na mimi ningependa tuongee zaidi kuhusu hiyo.

Mchana nao una yake. Mtaa ukiwa na paa nyingi zinasukuma nje na watu hawako nyumbani, volti zinapanda, na zinapanda zaidi kwa nyumba ya mwisho wa laini. Inveta zinajikata, feni ya jirani inalia, balbu zinaungua, na lawama zote kwetu. Sasa ile sola kubwa ya Tororo ya megawati 10, ya 2017, inajulikana, wanaopanga laini wanajua iko wapi na inatoa kiasi gani. Zilizofungwa kimya kimya hazionekani. Hata Wajerumani walipata taabu hii, inveta nyingi sana ziliwekwa zijizime zote kwa pamoja masafa ya laini, ambayo kawaida ni hezi 50, yakifika 50.2, ikabidi waanze kuzirekebisha moja moja.

Na paneli za kilowati 5 hazitoi 5 siku nzima, hata hapa ikweta. Hiyo namba ni ya jua kali na paneli yenye nyuzi 25 tu, wakati juu ya mabati mchana inachemka.

Ukitaka kuungana na laini, tafuta fundi mwenye kibali cha ERA, leteni mchoro na karatasi ya inveta kabla ya kufunga. Siku ya ukaguzi hatuna maneno mengi. Jua likiwa juu na sola inafanya kazi tunakata laini inayotoka nguzoni, mein ikiwa imewashwa, tunaweka tester upande wa mita. Taa isipowaka, tunasaini.