Kidoti cha bluu si bikoni

Mimi ni mpima ardhi. Mzee mmoja wa Kigamboni alinipokea getini akiwa na simu mkononi. Alikuwa amezunguka kiwanja chake, na kidoti cha bluu cha ramani ya simu kimemwonyesha kwamba jirani amemmega mita nne. Nikamwomba asimame juu ya bikoni, alama ya mpaka wa kiwanja, atulie, tutazame wote. Hazikupita dakika tano kidoti kilivuka ukuta, kikarudi, kisha kikaenda kukaa barabarani. Mzee hajainua hata mguu.

Simu yake haikuwa mbovu. Setilaiti za GPS ziko kama kilomita 20,200 juu yetu, na kazi yao ni kutangaza tu: mimi ni fulani, niko mahali fulani, saa yangu inasema hivi. Simu haizijibu, inasikiliza (ndiyo maana kidoti hakihitaji bando, bando ni la ramani). Inaangalia ujumbe umetumia muda gani njiani, inazidisha kwa mwendo wa mwanga, inapata umbali. Setilaiti tatu zingetosha kama saa ya simu ingekuwa ya kuaminika. Si ya kuaminika, na ikikosea sehemu moja kati ya milioni ya sekunde, hizo ni mita 300. Kwa hiyo tunaongeza setilaiti ya nne, ili kosa la saa nalo litafutwe kama x ya hesabu za sekondari.

Kuta na mabati huvuruga: mawimbi yanagonga, yanafika yamechelewa. Mwembe nao unayadhoofisha. Lakini kinachotusumbua sisi kuliko watu wa Ulaya ni ionosfia, tabaka la juu la anga lenye chembe za umeme, ambalo huchelewesha mawimbi. Mchana chembe hizo hupanda juu ya ikweta ya sumaku, inayopita Ethiopia, kisha humwagika kaskazini na kusini kama maji ya chemchemi. Lundo la kusini linatuangukia sisi Tanzania. Jua likishazama hutokea mapovu humo, na mawimbi yanameremeta kama nyota, hasa miezi ya karibu na Machi na Septemba. Nikikataa kupima kuanzia saa moja jioni, vijana wangu hudhani ninawahi chakula.

Dawa yetu ni mashine mbili. Besi inakaa juu ya nukta inayojulikana, kwa hiyo inajua setilaiti zinaidanganya kiasi gani. Inaituma tofauti hiyo kwa redio hadi kwenye rova ninayotembea nayo. Tukiwa kilomita chache tu mbali, anga letu ni moja, uongo wetu ni mmoja, unafutika. Zinabaki sentimita. Bikoni ya mzee ilikuwa mahali pake.

Sasa niungame. Nikiwa mgeni katika kazi hii niliwahi kuingiza namba za mahali kutoka ramani ya zamani, iliyochorwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa kutaja mahali, kwenye mashine iliyokuwa ikifikiri kwa WGS84, mfumo wa GPS wenyewe. Rova iliniahidi sentimita mbili, nami nikajikuta katikati ya mihogo ya mtu, takriban mita 300 kutoka kiwanja nilichotumwa. Mashine haikukosea chochote. Iliulizwa swali la nchi nyingine. Tangu siku hiyo, nikiletewa namba bila jina la mfumo, sifungui hata sanduku la vifaa.

Wakati tunafunga vifaa, mzee akachungulia skrini, akaona kimo kina alama ya kutoa. "Kijana wangu, kwa hiyo tumezama?"

Hatukuzama. GPS hupima kimo kutoka kwenye umbo laini la dunia lililotengenezwa kwa hesabu, na kwenye pwani yetu usawa wa bahari uko chini ya umbo hilo kwa zaidi ya mita 20. Hata kituo cha kudumu cha GPS cha Malindi, Kenya, kilichojengwa nchi kavu, kimo chake kwenye orodha ya vituo hivyo ni hasi.