Msingoje mshahara upande

Juzi nimeambiwa tena: "Sisi tutaanza kuweka akiba kipato kikipanda." Kazi yangu ni kukaa na familia na kupitia mahesabu yao, na kauli hii naisikia kwa walioajiriwa jana na kwa mameneja wa miaka mingi. Wote wanaisema kwa nia njema, na wote wanaamini kwamba kinachowachelewesha ni kipato. Nimechoka kuijibu kwa maneno, kwa hiyo leo naijibu kwa hesabu.

Chukua familia inayopata 100 kwa mwaka, inatumia 80 na kuweka 20. Sarafu yoyote, haijalishi. Makadirio ya kawaida ni kwamba mmejitegemea, yaani mnaweza kuishi bila mshahara, pale mtaji mliowekeza unapofika mara 25 ya matumizi yenu ya mwaka. Hawa wanahitaji 2,000. Wakianza mikono mitupu, na mtaji ukikua kwa asilimia 5 kwa mwaka baada ya kuondoa mfumuko wa bei, watafika baada ya miaka 37 hivi.

Sasa kipato kipande hadi 150. Wanahamia nyumba kubwa, gari linabadilishwa, watoto wanahamishiwa shule ya ghali zaidi, na matumizi yanafika 130. Akiba ni ile ile 20. Hapo ndipo ninapoambiwa, "Angalau hatujarudi nyuma." Mmerudi nyuma, jamani! Mtaji wenu sasa utatakiwa kubeba maisha ya 130, si ya 80, kwa hiyo mnahitaji 3,250. Hata mngeanza upya leo, kwa akiba hiyo ya 20 ni miaka 45. Mshahara umeongezeka kwa nusu nzima, na safari imerefuka kwa zaidi ya miaka 8.

Hapa ndipo ningependa watu watulie. Kila mnachoongeza kwenye matumizi ya kudumu kinahesabiwa mara mbili: kinapunguza akiba ya mwezi huu, halafu kinakuza kiasi mnachotakiwa kufikia. Kipato hakina nguvu hiyo. Familia ile ingebaki kwenye 80 na kuweka 70, ingefika kwa miaka 18. Sidai kwamba kila mtu afanye hivyo. Wagawe nyongeza katikati: watumie 105, waweke 45. Hapo ni miaka 28. Wanaishi vizuri kuliko zamani, na wamepunguza karibu miaka 9. Wazazi wanaoogopa kwamba kubana matumizi ni kuwatesa watoto, naomba warudie hesabu hiyo ya katikati kabla hawajaniambia haiwezekani.

Jambo la pili linalonisumbua ni mahali watu wanapobana. Mama mmoja alikuja na daftari safi kabisa. Kila sabuni imeandikwa, kila nauli, kila vocha ya simu. Nikatafuta mkopo wa gari sikuuona. "Ule hatuuandiki," mumewe akasema, "unakatwa wenyewe kwenye mshahara." Mkopo huo pekee ulizidi kurasa kadhaa za daftari zikijumlishwa. Haba na haba hujaza kibaba, ni kweli, lakini kibaba chenu kinavuja kwenye nyumba, usafiri na ada. Uamuzi mmoja wa mahali pa kuishi, mkiufanya vizuri, unawaokoa miaka mingi bila kumgombeza mtoto aliyesahau kuzima taa.

Daftari lile lilikuwa pia na safu ya "dharura". Ndani yake: bima ya gari, ada ya muhula, matairi. Bima inayokuja kila mwaka tarehe ile ile si dharura. Jumlisha vitu vya namna hiyo, gawanya kwa 12, na kiasi hicho kiende kila mwezi kwenye akaunti yake peke yake. Familia nyingi hugundua hapo kwamba zile 20 walizodhani wanaweka zilikuwa 11.

Madeni ya riba kubwa yalipwe kwanza. Mfuko wa dharura, zile za kweli, uwe wa matumizi ya miezi 3 hadi 6. Haya yameshaandikwa sana, sitayarudia.

Lakini ile 25 yenyewe siiamini kwa asilimia mia. Inatokana na kanuni ya asilimia 4, yaani mwaka wa kwanza wa ustaafu utumie asilimia 4 ya mtaji (100 gawanya kwa 4 ni 25), aliyoipendekeza mshauri wa fedha William Bengen mwaka 1994, kwa takwimu za masoko ya Marekani na kwa ustaafu wa miaka 30. Anayeacha kazi akiwa na miaka 40 anaweza kuhitaji mtaji udumu miaka 50. Bengen mwenyewe baadaye alipandisha asilimia yake, lakini mwenye watoto wadogo, katika nchi ambayo mfumuko wa bei unaruka bila taarifa, mimi humwambia alenge mara 30 ya matumizi au zaidi. Naitumia 25 kuonyesha mwelekeo, siyo tarehe ya kuacha kazi.

Na kuna familia ambazo kauli ile ni kweli tupu kwao. Kama kipato hakitoshi chakula, kodi ya nyumba na dawa, hakuna cha kubana, na anayewahubiria daftari anawaonea. Hao nguvu zao zote ziende kwenye kuongeza kipato.

Ninyi wengine, barua ya nyongeza ikifika, kaeni wawili jioni hiyo hiyo mkubaliane nusu inakwenda wapi. Kisha mpe benki agizo la kuihamisha siku mshahara unapoingia, kuanzia mwezi wa kwanza kabisa, kabla nyumba yenu haijazoea kiasi kipya. Mkingoja hadi mwezi wa tatu, mtakuwa mmeshasaini mkataba wa nyumba kubwa, na ili kuipata tena ile nusu itabidi mhame.